Duke Cunningham, rubani shujaa aliyeishia gerezani kwa hongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dola zote zinazotajwa hapa ni za Marekani. Tunaposema "mbunge" tunamaanisha mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, ambalo lina viti 435.

Duke Cunningham ni nani?

Jina lake kamili ni Randall Harold Cunningham. Mwaka 1972 aliangusha ndege tano za Vietnam Kaskazini akiwa rubani wa Jeshi la Majini la Marekani. Januari 1991 akaingia bungeni kwa tiketi ya Republican kutoka eneo la San Diego, California. Novemba 2005 akasimama mbele ya jaji katika mji huohuo na kukiri kwamba alikula hongo isiyopungua dola milioni 2.4 kutoka kwa wakandarasi waliokuwa wakitafuta kazi za Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 8 Desemba 1941, akakulia Shelbina, mji mdogo wa Missouri. Kabla ya kujiunga na jeshi mwaka 1967 alikuwa mwalimu na kocha wa kuogelea katika shule ya sekondari huko Hinsdale, karibu na Chicago. Alifariki Agosti 2025 huko Arkansas, akiwa na miaka 83.

Ushujaa wake ulikuwa wa kweli au wa kutengenezwa?

Ulikuwa wa kweli. Tunalisema mapema kwa sababu baada ya kesi wako waliotaka kuurudisha uchafu wa 2005 hadi 1972, na ushahidi hauwaungi mkono.

Alirusha ndege aina ya F-4J Phantom kutoka manowari ya kubeba ndege ya USS Constellation, katika kikosi cha VF-96. Ndege hiyo huchukua watu wawili: rubani mbele, na nyuma yake ofisa wa rada. Wa nyuma alikuwa William Driscoll. Ndege ya kwanza waliiangusha 19 Januari 1972, ya pili 8 Mei, na tatu zilizobaki kwa siku moja, 10 Mei 1972. Rubani anayefikisha ndege tano huingia katika orodha fupi sana. Vita vyote vya Vietnam vilitoa Wamarekani watano tu wa daraja hilo, marubani wawili na maofisa wa viti vya nyuma watatu, na Cunningham na Driscoll ndio waliotangulia. Katika Jeshi la Majini, ni wao wawili peke yao.

Ugumu wa siku ile ya Mei unaeleweka vizuri ukizijua ndege zenyewe. F-4J haikuwa na bunduki, ilitegemea makombora. MiG-17 ya Vietnam Kaskazini ilikuwa ya zamani na ya polepole, lakini ilikuwa na mizinga na inakata kona kwa wepesi ambao Phantom haiwezi kuufuata. Ukikubali kuzungushana nayo kwa ubapa, inakuingia mgongoni. Cunningham akauhamishia mpambano juu na chini, kwa sababu injini za Phantom zina nguvu ya kupanda. Rubani wa ile MiG ya mwisho akapanda naye bega kwa bega, jambo ambalo hakulitarajia. Walipandishana na kuteremshana mara kadhaa bila mmoja kumpata mwenzake. Hatimaye Cunningham akapunguza nguvu za injini ghafla na kufungua breki za hewa, MiG ikampita mbele. Ilipogeuza pua kukimbia kuelekea chini akaifyatulia kombora la Sidewinder, lile linalofuata joto la injini.

Wakirudi baharini, kombora la kutoka ardhini likalipukia karibu nao. Mafuta ya haidroliki yakavuja, ndege ikawaka moto na pua ikawa inanyanyuka yenyewe. Akaipeleka hivyohivyo kwa kuibiringisha na kucheza na usukani wa mkiani, ili wasiangukie nchi kavu wakakamatwa mateka. Waliruka kwa miavuli karibu na mdomo wa Mto Mwekundu, na helikopta ikawaokota majini.

Alipewa nishani gani?

Navy Cross, ambayo katika Jeshi la Majini inapitwa na Medal of Honor tu, Silver Star mbili, Purple Heart na Air Medal 15.

Je, ni kweli yule rubani wa mwisho alikuwa "Kanali Toon"?

Hapana. Hadithi ya kanali wa Kivietinamu mwenye ndege nyingi mkononi ilizagaa miongoni mwa Wamarekani wakati wa vita, na kwa miaka mingi Cunningham alitajwa kuwa ndiye aliyemmaliza. Kumbukumbu za Vietnam hazina mtu wa jina hilo wala wa sifa hizo. MiG iliangushwa kweli, aliyekuwa ndani yake ndiye ambaye si Toon.

Aliingiaje katika siasa?

Kupitia nishani zake, kwa kiasi kikubwa. Baada ya vita alifundisha marubani katika shule ya mapigano ya anga ya Miramar, San Diego, iliyokuwa ikijulikana kama Top Gun, na akastaafu mwaka 1987. San Diego ni mji wa wanamaji: huwezi kukaa kwenye mgahawa bila kukutana na aliyewahi kuvaa sare.

Mwaka 1990 alimkabili Jim Bates, mbunge wa Democratic aliyekuwa amechafuliwa na kashfa ya kuwasumbua kingono wafanyakazi wa ofisi yake. Kaulimbiu ya Cunningham ilikuwa kwamba watu wapate mbunge wa kujivunia. Alishinda kwa kura chache, na baada ya hapo kiti hakikumsumbua tena. Hilo la mwisho lina uzito wake katika mkasa huu. Mbunge asiye na mpinzani wa maana hapekuliwi na mtu, na mpinzani gani angejitokeza kumuuliza shujaa wa vita habari za nyumba yake?

Mbunge mmoja kati ya 435 anawezaje kuipa kampuni anayoitaka kazi ya mamilioni?

Wengi hudhani mbunge hutia saini zabuni. Hatii. Anayetia saini ni ofisa manunuzi wa Pentagon. Mkono wa mbunge huingia mapema zaidi, wakati bajeti ikiwa bado ni karatasi.

Pentagon huleta makadirio yake bungeni. Kamati ndogo ya ulinzi, iliyo chini ya Kamati ya Matumizi, huyapitia fungu kwa fungu, na Cunningham alikuwa mjumbe wake. Mjumbe anaweza kuomba fungu lichomekwe ambalo jeshi halikuliomba, tuseme milioni kumi za kugeuza michoro na makaratasi ya zamani kuwa ya kidijitali. Jina la kampuni halitajwi, ila maelezo ya kazi hukatwa kama kanzu ya kupima, imkae mtu mmoja tu. Bajeti ya ulinzi ya miaka ile ilikuwa ya mamia ya mabilioni, kwa hiyo milioni tano au kumi hazimshtui yeyote.

Bajeti ikishapita, kinachobaki ni kumkumba ofisa wa Pentagon. Huyu anaweza kusema mradi hauna maana, au kwamba pesa zina matumizi bora. Hapo simu zinaanza. Waendesha mashtaka walieleza mahakamani jinsi Cunningham alivyowabana na kuwatisha maofisa waliosita kuzifungulia kampuni za rafiki zake pesa. Ofisa wa ngazi ya kati akipigiwa simu na mtu anayepiga kura juu ya bajeti ya idara yake, anajua kinachomngoja akikataa.

Kulikuwa na pazia la pili. Cunningham alikuwa pia katika Kamati ya Ujasusi, ambako mafungu mengi ni siri kisheria. Huko hata wabunge wenzake wengi hawakuwa na ruhusa ya kuona pesa inakwenda wapi.

Waliomhonga ni akina nani?

Hati ya mashtaka iliwaita "mshirika namba 1" hadi "namba 4". Majina yao yalijulikana baadaye.

Brent Wilkes alikuwa mfanyabiashara wa San Diego, mwenye kampuni ya ADCS iliyogeuza nyaraka za karatasi kuwa za kidijitali. Miongoni mwa kazi alizopata ilikuwa kupiga picha nyaraka za zamani za Mfereji wa Panama, kazi ambayo ni vigumu kumpata mwanajeshi aliyekuwa akiilalamikia usiku. Mitchell Wade alijifunza ufundi huo akiwa mshauri wa Wilkes, kisha akaendesha kampuni yake mwenyewe, MZM, iliyojikita katika mambo ya ujasusi na kupata kazi za zaidi ya dola milioni 150 ndani ya miaka michache. Thomas Kontogiannis, mwekezaji wa majengo wa New York, na mpwa wake John Michael, waliopitisha mikopo ya nyumba, walikuwa upande wa kuficha pesa.

Biashara ya nyumba ilikwendaje hasa?

Tuipige hatua kwa hatua, kwa kuwa ndiyo iliyomwangusha.

Novemba 2003 Cunningham aliuza nyumba yake ya Del Mar, kaskazini mwa San Diego, kwa dola 1,675,000. Nyumba haikuwa imetangazwa sokoni. Aliyeinunua ni Wade, ila kwenye hati mnunuzi hakuwa yeye, ilikuwa kampuni inayoitwa 1523 New Hampshire Avenue LLC.

Muda mfupi baadaye nyumba ikarudishwa sokoni kwa bei ileile. Ikakaa zaidi ya miezi minane bila mnunuzi, wakati ambapo nyumba za San Diego zilikuwa zikigombaniwa na bei zikipanda kila mwezi. Hatimaye ikauzwa kwa dola 975,000. Hasara: dola 700,000. Mtu anayepata hasara ya namna hiyo katika soko linalopanda ama ni mjinga, ama alikuwa ananunua kitu kingine. Wade hakuwa mjinga, na fedha za Pentagon zilianza kuingia MZM.

Kwa pesa zile Cunningham akanunua nyumba ya dola milioni 2.55 huko Rancho Santa Fe, mtaa wa matajiri. Ilikuwa na mikopo miwili ya rehani, na mwaka 2004 mikopo hiyo nayo ikalipwa na wengine: Wilkes akatoa hundi ya dola 525,000, Wade akatoa 500,000, zote zikipitia kampuni ya Kontogiannis ili zisionekane zikitoka kwa mkandarasi kwenda kwa mbunge. Ukijumlisha faida ya Del Mar na malipo ya mikopo unapata dola 1,725,000. Mshahara wa mbunge mwaka 2005 ulikuwa dola 162,100.

"Menyu ya hongo" ni nini?

Ni karatasi moja ya ofisi, yenye nembo ya Bunge la Marekani juu, ambayo Cunningham aliiandika kwa mkono wake. Ina safu mbili. Ya kushoto ni thamani ya kazi za serikali kwa mamilioni, ya kulia ni hongo inayodaiwa kwa maelfu. Inasomeka hivi:

Kazi ya milioni 16: "BT", yaani hati ya umiliki wa boti, ambayo Wade aliinunua kwa dola 140,000.
Milioni ya 17, ya 18, ya 19 na ya 20: dola 50,000 kila moja.
Kuanzia milioni ya 21: dola 25,000 kila moja.

Piga hesabu. Kazi ya milioni 20 inamgharimu mkandarasi dola 340,000, yaani asilimia 1.7. Kazi ya milioni 25 inamgharimu 465,000. Kuna hata punguzo la mteja wa jumla! Watu wa kwetu waliozoea "kitu kidogo" hushangaa kwanza kwa ukubwa wa pesa, kisha, wakifikiri kidogo, hushangaa kwa urahisi wake. Mkandarasi halali hutumia zaidi ya hapo kuandaa zabuni anayoweza kuikosa.

Karatasi hiyo ilifika mikononi mwa waendesha mashtaka, nao wakaiambatanisha kwenye hoja zao za adhabu mwaka 2006. Kesi nyingi za rushwa hukwama mahali pamoja: mpokeaji anasema ile ilikuwa zawadi ya rafiki, haikuhusiana na uamuzi wowote wa ofisini. Menyu iliziba mlango huo, maana kazi na malipo vimepangwa mstari mmoja mmoja kwa mwandiko wa mbunge mwenyewe.

Na boti yenyewe?

Ilikuwa boti ya futi 42, mali ya Wade kwenye makaratasi, iliyofungwa katika bandari ya starehe mjini Washington. Cunningham aliishi humo bila kulipa kodi kila Bunge lilipokuwa likikutana. Ilipewa jina Duke-Stir, mchezo wa maneno juu ya jina lake la utani. Kuna boti ya pili, Kelly C, ambayo watu huichanganya na hii: ile ilikuwa yake mwenyewe, na aliiuza kwa Kontogiannis.

Alipewa nini kingine?

Samani za kale, mazulia ya Kiajemi, vinara vya fedha, msaada wa kununua na kutengeneza gari la Rolls-Royce, hoteli, safari, milo. Orodha ya mahakama ni ndefu na inachosha kidogo. Kilichotushika jicho ni kabati la droo la mtindo wa Louis-Philippe, la karne ya 19.

Nani aliyefichua, na alianzia wapi?

Mwandishi Marcus Stern wa shirika la habari la Copley, ambalo habari zake zilichapishwa na gazeti la San Diego Union-Tribune. Hakupewa siri na mtu. Aliona Cunningham amesafiri Saudi Arabia mara mbili, safari ambazo hazikuwa na sababu ya wazi kwa mbunge wa San Diego, akaamua kutazama maisha yake kwa ujumla: anaishi wapi, ana nini, analipwa kiasi gani. Kenya jambo hilo sasa linaitwa ukaguzi wa mtindo wa maisha, na huzungumzwa zaidi kuliko linavyofanywa.

Akakuta nyumba ya Rancho Santa Fe. Swali lililofuata ni la kawaida kabisa: ya zamani aliiuza kwa nani? Daftari la ardhi likamtajia 1523 New Hampshire Avenue LLC. Anwani hiyo iko Washington, na jengo lililoko hapo lilikuwa makao makuu ya MZM. Waliojaribu kuficha jina la mnunuzi waliipa kampuni ya kuficha jina la jengo lao wenyewe.

Habari ilitoka 12 Juni 2005. Kabla ya wiki tatu kuisha, maofisa wa serikali kuu walikuwa wameshaipekua nyumba, boti na ofisi za MZM. Mwaka 2006 gazeti hilo na shirika la Copley walipata tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo, Stern na mwenzake Jerry Kammer wakitajwa kwa majina.

Cunningham alijitetea vipi mwanzoni?

Alisema bei ya nyumba ilikuwa ya haki na kwamba kosa lake lilikuwa kutopima mambo vizuri alipomuuzia mtu mwenye biashara na serikali. Wapiga kura wake wengi walimwamini, na hapa ndipo nishani zilipofanya kazi yake ya mwisho: mtu aliyekwepa makombora kwa ajili ya nchi angeiibiaje nchi hiyo? Tarehe 14 Julai 2005 alitangaza hatagombea tena. Tarehe 28 Novemba alikiri kila kitu, akatoka nje ya mahakama na kusoma taarifa ya kujiuzulu huku analia.

Alikiri makosa gani?

Mawili. La kwanza ni kula njama, ambalo ndani yake mlikuwa na hongo, ulaghai na ukwepaji kodi. La pili ni kukwepa kodi ya mwaka 2004. Katika fomu ya mwaka huo yeye na mkewe walionyesha kipato cha kutozwa kodi cha dola 121,079, wakati kipato halisi hakikupungua dola 1,215,458.

Watu huuliza kwa nini hakuhukumiwa miaka 20 au 30. Jibu liko katika makubaliano ya kukiri: kila kosa kati ya hayo mawili lina kikomo cha miaka mitano, kwa hiyo dari ilikuwa miaka kumi.

Je, ushujaa ulimpunguzia adhabu?

Upande wa mashtaka uliomba miaka kumi yote. Mawakili wake waliomba sita, wakitaja vita, umri wa miaka 64 na ugonjwa. Tarehe 3 Machi 2006 Jaji Larry Burns alimpa miaka minane na miezi minne na kumwamuru alipe fidia ya takriban dola milioni 1.8. Kwa hiyo alipunguziwa kidogo, lakini ilikuwa bado adhabu ndefu kuliko yoyote aliyowahi kupewa mbunge wa Marekani hadi siku ile. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 2009 na William Jefferson wa Louisiana, aliyepewa miaka 13. Jaji Burns alimkumbusha Cunningham kwamba hakuwa na njaa wala baridi alipofanya aliyoyafanya. Cunningham aliomba aruhusiwe kwanza kwenda kumwona mama yake mzee. Alikataliwa, akapelekwa rumande palepale.

Alinyang'anywa nishani au pensheni?

Hakunyang'anywa nishani. Zilitolewa kwa tendo la mwaka 1972, na tendo hilo halikubadilishwa na hukumu ya 2006. Rekodi ya ndege tano bado ni yake.

Pensheni iliwaudhi wengi zaidi. Wakati ule sheria haikumnyima mbunge pensheni kwa kosa la hongo, ilinyima kwa makosa kama uhaini. Bunge lilirekebisha hilo mwaka 2007, lakini Katiba ya Marekani inakataza sheria kurudi nyuma na kuadhibu tendo la zamani, kwa hiyo marekebisho hayakumgusa yeye. Aliendelea kustahili pensheni ya jeshi na ya Bunge. Nyumba ya Rancho Santa Fe aliipoteza, na samani zake zilipigwa mnada.

Driscoll alihusika?

Hapana. Watu huuliza kwa sababu majina yao mawili huandikwa pamoja katika kila kitabu cha vita ile. Hakutajwa popote katika kesi.

Wenzake walipata adhabu gani?

Wilkes alikataa mashtaka, akakutwa na hatia ya makosa 13 Novemba 2007, akafungwa miaka 12, zaidi ya mbunge aliyemhonga. Wade alikiri Februari 2006 na kushirikiana na wachunguzi. Miongoni mwa makosa yake mlikuwa na kupenyeza michango haramu ya kampeni kwa wanasiasa wengine kupitia majina ya wafanyakazi wake. Alipata miezi 30. Kontogiannis alifungwa miaka minane na mwezi mmoja. Kashfa ilimfikia pia Kyle Foggo, aliyekuwa mtu wa tatu kwa cheo katika CIA na rafiki wa Wilkes tangu ujana. Yeye alikiri mwaka 2008, akafungwa miezi 37.

Kanuni za Bunge zilibadilika?

Ndiyo, kwa awamu. Mwaka 2007 wabunge walianza kulazimika kutaja majina yao kwenye kila fungu wanaloliomba na kuthibitisha kwamba hawana maslahi nalo. Mwaka 2011 mafungu hayo yalisimamishwa kabisa. Mwaka 2021 yakarudishwa, na katika Baraza la Wawakilishi kampuni za kutafuta faida zikafungiwa mlango. Kwa kanuni hiyo ADCS na MZM zisingepata hata senti kwa njia ile. Zingelazimika kutafuta nyingine.

Msamaha wa Trump ulifuta hatia yake?

Cunningham alimaliza kifungo mwaka 2013 na kuhamia Arkansas. Januari 2021, katika saa za mwisho za muhula wake wa kwanza, Rais Donald Trump alimpa msamaha wenye masharti, Newt Gingrich, spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi, akiwa miongoni mwa waliomwombea. Msamaha wa rais wa Marekani humwondolea mtu athari za hukumu na kumrudishia haki za kiraia. Hausemi kwamba hakutenda, na haufuti kumbukumbu ya mahakama.

Nikitaka kukagua biashara ya nyumba ya kiongozi kwa njia aliyoitumia Stern, nianzie wapi?

Anza na nyumba aliyoihama, si aliyohamia. Macho ya watu huenda kwenye jumba jipya, na jumba jipya mara nyingi lina maelezo: mkopo, urithi, biashara ya mke. Ya zamani ina mnunuzi, na mnunuzi ndiye unayemtafuta.

Chukua hati na uandike vitu vitatu: tarehe, bei, jina la mnunuzi. Jina likiwa la kampuni, fuata wakurugenzi na anwani. Nairobi utaomba CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kwa msajili wa kampuni; Dar es Salaam utakwenda BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kisha tafuta nyumba tatu au nne za ukubwa uleule zilizouzwa mtaa uleule ndani ya miezi sita, upate bei halisi. Angalia kama nyumba imeuzwa tena, na kwa kiasi gani. Mwisho linganisha jina la mnunuzi na orodha ya waliopata zabuni katika wizara ambayo kiongozi huyo ana sauti nayo.

Kazi hukwama mahali pawili. Kampuni inaweza kusajiliwa kwa jina la dereva au shemeji, na hapo anwani na nambari ya simu husaidia kuliko jina. Pia bei iliyoandikwa kwenye hati inaweza kuwa ya uongo ili kukwepa ushuru wa stempu, jambo la kawaida sana kwetu, kwa hiyo usiharakishe kuita hongo kila bei ya ajabu. Nyumba ya Del Mar haikuwa na utata huo. Bei zote mbili ziliandikwa kwa ukweli, 1,675,000 na 975,000, kwenye daftari ambalo mtu yeyote angeweza kulifungua.